Vidonge vya Damu Kati ya London na Isaka

Miongoni mwa vitu ambavyo Watanzania waishio Uingereza na Marekani huwatumia ndugu zao, vidonge vya kuongeza damu vina nafasi ya pekee, kwa kuwa ni vyepesi, ni vya bei nafuu, na mtumaji huamini kuwa dawa iliyonunuliwa Ulaya haiwezi kuwa na kasoro. Vinapofika Isaka, kata ya Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga ambako reli ya kati hukutana na barabara ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, kemikali iliyomo huwa haina tofauti kubwa na ile ya kidonge cha FEFO ambacho mjamzito hupewa katika zahanati. Kinachobaki London ni utaratibu uliokizunguka kidonge hicho, na huo ndio unaoamua kama chuma kitatibu au kitadhuru.

Nchini Uingereza, mtu anayelalamikia uchovu na kizunguzungu hupimwa kwanza himoglobini, yaani protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, kisha ferritini, ambayo ni protini ihifadhiyo chuma mwilini na hivyo huonyesha akiba iliyobaki. Ferritini ikiwa chini, hatua ya pili ni kutafuta chuma kinakopotelea, na kwa mwanamume au mwanamke aliyekoma hedhi swali hilo huchukuliwa kwa uzito mkubwa, kwa sababu upungufu wa chuma unaweza kuwa dalili ya kwanza ya kidonda au saratani ya tumbo au utumbo mpana. Mwongozo uliotolewa mwaka 2021 na chama cha Uingereza cha madaktari wa mfumo wa chakula unapendekeza kidonge kimoja kwa siku badala ya vitatu vya zamani, na matibabu yaendelee kwa takriban miezi mitatu baada ya himoglobini kurudi katika hali yake, ili akiba nayo ijae. Babu wa Isaka anayetumiwa chupa ya vidonge bila kipimo chochote anaweza kupata nafuu ya miezi kadhaa huku kidonda chake kikiendelea kuvuja. Na kwa kuwa chuma hugeuza choo kuwa cheusi, weusi unaotokana na damu unaweza kupita bila kutiliwa shaka.

Uzito unaoandikwa kwenye chupa nao hupotosha. Miligramu 200 za ferasi salfeti, ambayo ni chumvi ya chuma inayotumika zaidi, zina takriban miligramu 65 tu za chuma chenyewe, ilhali chumvi nyingine zina kiasi tofauti katika uzito uleule. Kwa mtu mzima tofauti hiyo huleta zaidi kichefuchefu na kufunga choo, lakini kwa mtoto ni suala la uhai. Miligramu 60 za chuma kwa kila kilo ya uzito wa mwili huhesabiwa kuwa kiwango cha sumu kali, maana yake ni kwamba vidonge kumi hivi vya kawaida vinatosha kuhatarisha maisha ya mtoto wa kilo kumi. Marekani iliwahi kupoteza watoto wengi kwa namna hiyo hadi mwaka 1997 serikali ilipoagiza kila bidhaa ya chuma iwe na onyo. Ubaya wa sumu hii ni kwamba baada ya kutapika na kuharisha kwa saa chache mtoto huweza kuonekana amepona, kisha ini na moyo vikashindwa kufanya kazi. Kwa hiyo mtoto aliyemeza vidonge hivyo hupelekwa hospitali papo hapo, hata kama anacheza. Peremende laini zenye chuma, ambazo wazazi wa ughaibuni hupenda kuzituma kwa sababu ya utamu wake, hazistahili kuachwa mezani.

Nyumbani utaratibu ni mwingine, na si sahihi kuuona kuwa ni ule wa Ulaya uliopungukiwa vifaa. Kipimo cha ferritini ni nadra katika zahanati, na mara nyingi kinachojulikana ni wingi wa damu tu, hivyo watu husema fulani ana damu nane, wakimaanisha gramu 8 za himoglobini kwa desilita. Kwa kuwa upungufu wa damu ni wa watu wengi, kliniki humpa kila mjamzito FEFO, ambayo huunganisha chuma na kiasi kidogo cha asidi ya foliki, pamoja na dawa ya minyoo, chandarua chenye dawa, na dozi za SP za kukinga malaria. Vitu hivyo vinategemeana: minyoo ya safura hunyonya damu ambayo chuma kinajaribu kuirudisha, na malaria huvunja chembe zilezile zinazojengwa. Hata foliki ina mpaka wake, kwani Shirika la Afya Duniani linaonya kuwa miligramu 5 kwa siku, kiwango ambacho baadhi ya wajawazito wa Uingereza huandikiwa, hudhoofisha nguvu ya SP. Kifurushi kilichotumwa kwa mapenzi kinaweza basi kumwondolea mama kinga ya malaria bila yeyote kutambua.

Onyo kubwa kuliko yote lilitoka Pemba, katika jaribio la mwanzoni mwa miaka ya 2000 lililohusisha zaidi ya watoto 24,000 wenye umri wa chini ya miaka mitatu, ambao baadhi yao walipewa chuma na foliki kila siku bila kuchagua nani ana upungufu. Mwaka 2003 utoaji wa chuma ulisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa watoto waliopewa chuma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa hospitalini. Hata hivyo, katika kundi dogo lililopimwa na kutibiwa malaria kwa ukaribu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Ndiyo maana mwongozo wa sasa wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu chuma kwa watoto wa maeneo ya malaria, kwa sharti kwamba kinga, vipimo na tiba ya malaria viwepo. Shinyanga na Geita ni maeneo ya namna hiyo.

Kuna pia selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu hujikunja na kuvunjika mapema. Uchunguzi wa watoto wachanga wa kaskazini magharibi mwa Tanzania uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta karibu mmoja kati ya watano amerithi kinasaba kimoja cha selimundu, na zaidi ya asilimia moja wana ugonjwa wenyewe. Mgonjwa wa selimundu ana damu kidogo, lakini chuma cha chembe zilizovunjika hubaki mwilini, na kila anapoongezewa damu huongezewa chuma pia. Kumpa vidonge bila kuthibitisha upungufu ni kumlimbikizia madini yanayoharibu ini na moyo.

Katika ukanda wa dhahabu jambo jingine huingia ambalo daktari wa London hawezi kulikisia. Utafiti uliofanywa wilayani Geita na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta karibu nusu ya wajawazito waliohojiwa katika maeneo ya wachimbaji wadogo wanakula udongo, ama wa kichuguu, ama ule uitwao pemba unaouzwa sokoni, na sampuli zilikutwa na aseniki na metali nyingine. Hamu ya kula udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma. Udongo nao unaweza kukishika chuma tumboni kisifyonzwe, na mwili wenye njaa ya chuma hufyonza risasi, kama imo, kwa wingi zaidi. Mama anayemeza FEFO kila siku huku damu haipandi pengine hahitaji kidonge cha pili. Anahitaji muuguzi atakayemuuliza juu ya udongo bila kumcheka.

Umezaji wenyewe una kanuni chache. Chai na maziwa, vinywaji vya asubuhi kwa wengi, huzuia ufyonzaji, hivyo kidonge humezwa saa moja au mbili mbali navyo, ikiwezekana pamoja na chungwa au embe. Kwa asiye mjamzito, tafiti za Uswisi zilizochapishwa mwaka 2017 zilionyesha kuwa kumeza siku moja na kuruka inayofuata hufanya chuma kifyonzwe vizuri zaidi, kwa sababu dozi moja hupandisha hepsidini, homoni ifungayo mlango wa chuma kwenye utumbo, kwa takriban saa 24. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye dolutegraviri hupaswa kuimeza saa mbili kabla ya chuma au saa sita baadaye, au avimeze vyote pamoja na chakula, la sivyo chuma huishika dawa hiyo tumboni na kiwango chake katika damu hushuka. Maelezo hayo mgonjwa huyapata kliniki pale tu anapotaja vidonge alivyotumiwa, na wengi hawavitaji, kwa kuwa hawavihesabu kuwa dawa.