Maji ya Bomba Lako Yana Mwenyewe

Kama unakaa Dar es Salaam au Kibaha, bila shaka unaikumbuka Oktoba ya mwaka 2022. Mvua za vuli zilichelewa, Mto Ruvu ukapungua, na uzalishaji wa maji ukashuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi kiasi cha lita milioni 300. Mgawo ukatangazwa. Akina mama waliamka saa nane za usiku kukinga matone, na mwenye mkokoteni wa madumu akawa mtu wa kubembelezwa. Siku zile nilisikiliza sana mazungumzo ya watu katika daladala na vijiweni. Wapo waliozilaumu mamlaka, na wapo waliolilaumu jua. Sikumsikia hata mmoja akiutaja mlima.

Mlima wenyewe ni Uluguru. Ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda bara, unauona upande wako wa kushoto unapoikaribia Morogoro, umejifunika mawingu. Wasafiri huusifu kwa ubaridi wake, hununua ndizi dirishani, kisha hurudia usingizi. Wachache hukumbuka kwamba maji waliyoogea asubuhi yalianzia huko, yakateremka kwa vijito hadi Ruvu, yakanyonywa na mitambo ya Ruvu Juu karibu na Mlandizi na Ruvu Chini wilayani Bagamoyo, ndipo yakawafikia.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Upepo wa Bahari ya Hindi hubeba unyevu, ukagonga miteremko ya mashariki ya mlima huo wenye vilele vinavyopita mita 2,600. Hapo hunyesha mvua inayozidi milimita 2,500 kwa mwaka, zaidi ya maradufu ya ile inayonyesha Dar es Salaam. Hata siku isiyo na mvua, ukungu hupita kati ya miti, ukaacha matone juu ya majani na kuvu, nayo yakadondoka chini. Ardhi ya msituni imefunikwa na majani yaliyooza, laini kama godoro. Huyapokea maji polepole na kuyatoa polepole, ndiyo maana kijito cha msituni hutiririka hata Septemba. Ukiukata msitu ule na kuuchoma, mvua ni ile ile, lakini maji hukimbia yote siku hiyo hiyo, yakichukua udongo. Udongo huo huufuata mto hadi mitamboni, nako kuusafisha kwahitaji dawa nyingi zaidi. Watu wa mjini Morogoro wanalijua jambo hili vizuri, kwa kuwa Bwawa lao la Mindu limekuwa likijazwa mchanga na tope kutoka miteremko iliyo jirani.

Msitu huo una wenyeji wake wasiolima. Yuko ndege mmoja mwenye utosi mweusi na kifua cha manjano, aishiye juu kabisa ya miti mirefu ya Uluguru Kaskazini. Wataalamu walimfahamu katika miaka ya 1920, na makao yake hayajulikani kwingineko duniani. Yuko na chura mdogo asiyetaga mayai majini kama wenzake, bali huzaa vichura vilivyokamilika, vyenye miguu yao. Wasomeeni watoto habari hii. Mimi wa kwangu hawakuniamini. Mfanyakazi atauliza, ndege huyo ananisaidia nini? Jibu langu ni kwamba yeye hawezi kukaa shambani wala katika shamba la mikaratusi. Akisikika, ujue msitu halisi bado upo, ule unaotunza maji.

Sasa tuje kwa binadamu, maana hapa ndipo penye kiini. Wajerumani waliutenga msitu wa Uluguru kuwa hifadhi mnamo mwaka 1909. Waingereza wakaendeleza, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaleta mpango wa kuiokoa ardhi ya mlimani. Waluguru wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwa nguvu, na asiyechimba akatozwa faini. Nilipopanda vijiji vya upande wa Matombo, bibi mmoja aliyekuwa msichana mdogo wakati ule alinieleza jinsi mama yake alivyosikitika kuona udongo mweusi, uliokuwa ukiwalisha, unafukiwa chini ya udongo mwekundu usiozaa kitu. Udongo wa miteremko ile ni mwembamba. Ukichimba kina, unaupindua. Kazi ilikuwa kubwa na mavuno yakapungua. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja, ikapata wafuasi wengi mlimani.

Walioandika habari za Waluguru baadaye walipenda kusema kwamba ni watu wasiopenda kuhifadhi. Nasema hilo si kweli, na ushahidi upo pale pale mlimani. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalianzisha mpango katika eneo la Kibungo Juu, ambamo wakulima walilipwa kwa kutunza maji. Fedha za malipo zilichangwa na watumiaji wa mabondeni, wakiwemo DAWASCO, waliokuwa wasambazaji wa maji wa jiji wakati huo, na kiwanda cha Coca-Cola. Wakulima wakachimba matuta, wakapanda majani ya kuzuia udongo, mananasi na miti. Matuta, msomaji! Wajukuu wa wale waliopigwa risasi wakikataa matuta waliyachimba kwa hiari, kwa sababu safari hii waliulizwa, walipimiwa mashamba yao, na walilipwa.

Lakini fedha si yote. Uluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Mtu asiye wa ukoo huo huweza kuazimwa shamba, na zamani alitoa ada iitwayo ngoto kwa mkuu wa ukoo. Ila hakuruhusiwa kupanda mti wa kudumu, kwa maana mti ni dai la umiliki. Vivyo hivyo mume anayelima shamba la ukoo wa mkewe husita kupanda mikarafuu ambayo hataiachia watoto wa dada yake. Kwa hiyo bwana misitu anayegawa miche elfu moja bila kuketi kwanza na akina mama na wazee wa koo, atarudi mwakani aikute imekauka vitaluni, kisha ataandika katika ripoti yake kwamba wananchi hawana mwamko. Mahali ambapo ukoo umekubali, nimeona mikarafuu, midalasini na mipilipili manga ikipanda mlima hadi kwenye mpaka wa hifadhi. Huo si msitu, lakini haupaliliwi kwa moto kila mwaka, na unaleta ada za shule.

Sheria nazo zimebadilika. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake, au kushirikiana na serikali kuulinda msitu wa hifadhi. Mwaka 2008 misitu ya Uluguru iliunganishwa kuwa hifadhi moja ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 24,000, pamoja na lile pengo la Bunduki lililokuwa limelimwa katikati, ili msitu wa kaskazini na wa kusini ukutane tena. Kwa ndege hilo ni daraja. Kwa kaya zilizolima pale ni shamba lililokwenda, na nani atalifidia kwa haki ni swali ambalo mwenye bomba mjini naye anahusika nalo.

Maana mpango wa Kibungo Juu ulikuwa wa mradi, na mradi una mwisho. Tuta halina mwisho. Kila masika likibomoka linataka jembe na mtu wa kulishika. Mwaka 2023 ulianza ujenzi wa Bwawa la Kidunda kwenye Ruvu, la kuhifadhi lita bilioni 190 kwa ajili ya miezi ya ukame. Ni kazi njema, na mimi naishangilia. Wahandisi wamepimiwa fedha za saruji na nondo. Yule bibi wa Matombo, ambaye udongo wa shamba lake ndio utakaoamua bwawa hilo litajaa maji au tope, aliniuliza kama watu wa Dar es Salaam hulipia maji. Nikamwambia wanalipa kila mwezi. Akauliza, wanamlipa nani?