Ngozi na Kucha

Mwanadamu huzaliwa na vazi moja asilolishona wala asiloweza kulivua. Vazi hilo ni ngozi. Hana fundi wa kumpelekea alipunguze, wala duka la kulibadilisha likichakaa. Atake asitake, atalivaa mpaka siku atakapovikwa sanda juu yake. Kucha ni vifungo vya vazi hilo. Hata hivyo hakuna vazi tunalolitolea gharama kwa wasiwasi mwingi kama hili tulilopewa bure. Katika insha hii nataka kueleza gharama nilizozitoa mimi, ndogo na kubwa, na nilichokipata kwa kila moja. Si kisa cha kujisifu. Nalifundisha jambo moja darasani na kutenda jingine mbele ya kioo, na adhabu ya mwalimu wa namna hiyo ni kusahihishwa mbele ya wanafunzi wake.

Nalizaliwa na kulelewa Tandika, katika Temeke. Vipodozi vya mama yangu vilikuwa vichache, na vyote vilienea katika kikapu kimoja cha ukindu. Palikuwa na dodoki lililokaushwa uani, jiwe la kusugulia visigino, chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, na kipande cha msandali pamoja na jiwe lake la kusagia liwa. Siku za Idi na za arusi yaliongezwa majani ya mhina yaliyotwangwa. Mama alinisimulia kwamba katika miaka ya mwanzo ya 1980, sabuni ilipokuwa haba madukani, alifulia nguo kwa majani ya mpapai, lakini hakuacha hata siku moja kutupaka mafuta kabla hatujatoka nje. Alisema kuwa mtoto aliyepauka huwapa majirani la kusema juu ya mama yake. Kwa hiyo tangu utotoni nalijua kwamba ngozi haitunzwi kwa ajili ya mwenyewe peke yake. Hutunzwa pia kwa heshima ya nyumba.

Hina ilipendwa kwetu kwa sababu ya dini vilevile. Hina huingia katika ukucha ikaupa rangi, wala haiuzibi. Maji ya udhu hufika. Rangi ya chupa hulala juu ya ukucha kama utando, na mwenye kutaka kusali huiondoa kwanza. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unamhimiza binti asiache hina vidoleni. Wanafunzi wangu, hasa wa kike, hunung'unika wakisikia kuwa pambo hilo lilikusudiwa macho ya mume, wala sina haja ya kuwapinga. Lakini mimi naona humo jambo jingine: mama mgonjwa, anayemwachia binti yake wosia wa dunia na akhera, hakuona kwamba kucha ni jambo dogo lisilostahili mahali katika wosia huo.

Baada ya kupata shahada ya uzamivu nalihamia Kinondoni, karibu na marafiki wapya na mbali kidogo na kikapu cha ukindu. Siku moja, nalipokuwa nikijiandaa kwenda kusoma makala katika mkutano wa wataalamu, rafiki yangu alinitazama akasema, "Shoga, daktari mzima, uso bado wa Tandika!" Nalicheka pamoja naye mchana. Usiku, nalipobaki peke yangu, sikucheka.

Nalikwenda katika duka moja lenye kioo kirefu na kiyoyozi, nikanunua kopo dogo lenye kifuniko cha rangi ya dhahabu. Bei yake ilikuwa shilingi 90,000, fedha iliyozidi kodi ya mwezi mmoja ya chumba katika mtaa nilimozaliwa. Juu ya kopo palikuwa na maneno ya kigeni ya kusifu, lakini hapakuwa na orodha ya vitu vilivyomo. Mimi, ambaye simpi mwanafunzi alama kamili kwa insha isiyotaja marejeo, nalinunua kopo lisilotaja lililo ndani yake, na nalipofika nyumbani naliliweka kitandani nikalitazama kama tunu.

Yafaa niseme kweli: kwanza lilifanya kazi. Wiki ya tatu uso wangu uling'aa, na watu walionipita kila siku bila neno walisimama kunisifu. Nalifurahi. Mtu asiyekiri furaha ya kosa lake hatawafahamu wengine wanaolitenda. Jumapili moja nalikwenda kumwamkia mama. Alikuwa barazani anachagua mchele. Alinishika kidevu akaugeuza uso wangu penye mwanga, kama mtu atazamaye kitambaa sokoni kuona kama kimechuja. Kisha akauliza, "Mwanangu, uliugua?" Nalimjibu kuwa sikuugua. "Haya," akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Swali la mama lilinisumbua siku mbili. Lililonitia aibu hasa lilitokea siku ya tatu, darasani. Nalikuwa nikifundisha kirejeshi ji, kile kiambishi kidogo kinachoonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mtu mmoja. Naliomba mifano. Wakasema kujipenda, kujisifu, kujificha. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Kujichubua, mwalimu." Sidhani kama alikusudia ubaya. Darasa lilicheka, kisha likanyamaza ghafula, na kwa kunyamaza huko nalijua kwamba walikuwa wamekwisha kunizungumza. Nalilazimika kuliandika neno ubaoni. Mkono wangu ulioshika chaki ulikuwa mbele ya macho yangu na mbele ya macho yao: mgongo wa mkono mwekundu, na viungo vya vidole vyeusi, maana viungo hukataa kubadilika kama sehemu nyingine. Naliwaeleza kuwa kuchubua ni kuondoa ngozi ya juu, kama goti la mtoto lichubukavyo akianguka penye changarawe. Na kwamba mtoto huchubuka kwa bahati mbaya, bali ajichubuaye amefanya mwenyewe. Nalieleza vizuri. Lugha yetu ilikuwa imekwisha kutoa hukumu yake ndani ya neno moja, nami nalikuwa nikiifasiri hukumu hiyo huku nimeivaa usoni.

Mtu akishindwa kuacha kosa hununua la pili la kulifunika. Ili watu wasitazame viungo vya vidole vyangu, nalikwenda katika saluni moja nikabandikwa kucha ndefu za bandia kwa shilingi 40,000. Zilipendeza. Sikuweza kushika chaki sawasawa wala kusonga ugali, lakini zilipendeza. Binti aliyenihudumia alikata ile ngozi nyembamba iliyo shinani mwa ukucha ili rangi ikae vyema. Ngozi ile, kama nalivyokuja kuelezwa, haikuwekwa pale bure: ni kizibo kinachozuia uchafu na vijidudu visipenye. Chombo chake alikuwa amekitumia kwa mteja aliyenitangulia, akakifuta kwa kitambaa. Usiku wa tatu kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilivimba kikapwita mpaka alfajiri. Asubuhi kilitoa usaha. Baadaye ukucha wenyewe ulibanduka.

Wakati huohuo nalikuwa nimeacha kopo la dhahabu, na uso ukalipiza kisasi. Uliwaka kama uliopakwa pilipili, ukatoka vipele. Hapo ndipo nalipokwenda kwa daktari wa ngozi. Alisema hawezi kujua hakika kilichomo katika kopo bila maabara, ila dalili zilikuwa za steroidi. Hiyo ni dawa halali ya maradhi fulani ya ngozi, lakini ikipakwa miezi bila uangalizi huikondesha ngozi mpaka mishipa ya damu ikaonekana, na ikiachwa ghafula uso huwaka. Alinieleza na nyingine mbili. Haidrokwinoni huzuia chembe za ngozi zisitengeneze melanini, yaani ile rangi yetu; lakini ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta madoa ya weusi wa samawati yasiyotoka kwa urahisi. Zebaki nayo huzuia rangi hiyo, kisha hupenya mwilini ikadhuru figo, na kwa mama mjamzito hufika hata kwa mtoto. Sheria za nchi yetu zinapiga marufuku vipodozi vya namna hizo, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania. Mataifa nayo yamekubaliana juu ya zebaki katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Lakini sheria haiingii chumbani mwa mtu usiku anapofungua kopo.

Kisha daktari akasema jambo ambalo sijalisahau. Melanini ni mwavuli. Hupunguza nguvu ya miali ya jua kabla haijaunguza chembe zilizo chini. Watu wenye ualbino, waliozaliwa na upungufu wa mwavuli huo, huandamwa na saratani ya ngozi katika jua hili la kwetu. Kwa ajili yao, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi, yalitengenezwa mafuta ya kuzuia jua yaitwayo Kilisun. Nalitoka pale nikiwaza: yuko mtu anayehitaji kutengenezewa mwavuli ili aishi, nami nalilipa shilingi 90,000 ili wangu utobolewe.

Dawa niliyopewa ilikuwa ya aina mbili, moja rahisi na moja ghali. Ya kwanza ilikuwa mafuta ya mgando ya kawaida, yale ambayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza huko Marekani mwaka 1872 na ambayo leo yanauzwa katika kila kiosko cha Mbagala. Hayafanyi ajabu yoyote, ila huzuia maji ya ngozi yasipotee, nayo ngozi ikabaki kujitibu yenyewe. Ya pili ilikuwa mafuta ya kuzuia jua, shilingi 45,000, nayo nayanunua hadi leo bila kunung'unika, maana juu ya chupa yake imeandikwa wazi yaliyomo, kampuni iliyoyatengeneza na siku ya kwisha. Kwa hiyo sitaki msomaji adhani kwamba nasifu urahisi kwa kuwa ni urahisi. Katika masoko yetu upo mkorogo unaopimwa kwa kijiko katika vikopo visivyo na jina na kuuzwa kwa shilingi elfu chache. Aununuaye na mimi wa kopo la dhahabu tulifanya kosa moja. Tofauti yetu ilikuwa kifuniko.

Wala fundi wa bei ndogo si mtakatifu. Siku za kuuguza kidole nalikaa kwa mama, na jioni hupita vijana wanaobeba vikapu vya chupa za rangi, wakisugua miguu na kupaka kucha nyumba kwa nyumba. Mmoja alisugua miguu ya mama, akapaka na rangi, kwa shilingi 3,000, kwa mkono mwepesi kuliko wowote niliouona Kinondoni. Lakini beseni lake lilikuwa na maji ya nyumba ya jirani. Nalimuuliza kwa nini habadilishi. Hakuona haya. "Shangazi," akajibu, "maji nayo nayanunua kwa ndoo. Nikimwaga kila mguu, faida nayo naimwaga." Nalitafuta jibu la kisomo, sikulipata. Aliyetoza 40,000 hakuwa na udhuru huo, naye hakuchemsha chombo chake. Basi tulipatana: sisi tutatoa maji na sabuni, na kila mwenye miguu atatoa kikata kucha na msasa wake mwenyewe. Bei ilibaki ileile. Tangu siku hiyo vyombo vyangu vya kucha hukaa katika mkebe mdogo ndani ya mkoba, pamoja na kalamu, nami huvitoa hata saluni. Baadhi ya wahudumu hununa, sijali.

Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Sawa, lakini ghali nayo imenivunjia ukucha. Nilichojifunza si kwamba tuchague bei hii au ile. Bei hueleza kadiri ya fedha muuzaji anayotaka, basi. Haielezi kilichomo, wala usafi wa chombo, wala haja iliyotupeleka dukani. Mambo hayo matatu ni juu yetu kuyauliza, na la tatu ndilo gumu, kwa kuwa muuzaji wake ni sisi wenyewe. Mama alitupaka mafuta ili tuonekane tuna mtu wa kututunza. Mimi nalijipaka ili nisionekane nimetoka kwake.

Ukucha wa mkono hukua kiasi cha milimita 3 kwa mwezi. Wangu ulichukua karibu miezi sita kutimia, nami naliutazama kila wiki ukisogea kutoka shinani, mwembamba, usio na rangi ya mtu yeyote. Uso ulichukua zaidi, na kando ya macho limebaki doa ambalo huenda nikazeeka nalo.

Kila mwaka somo la kirejeshi ji likifika, huomba mifano kama zamani. Wakisema kujipenda na kujisifu, huandika. Kisha sisubiri kijana wa nyuma. Huandika mimi mwenyewe neno lile ubaoni, huwaonyesha doa langu, na kuwaambia bei yake.