Ekseli ya Nyuma Huchaguliwa kwa Kazi, Siyo kwa Ukubwa

Kamba hukatikia pembamba. Katika gari lililoundwa nyumbani, mahali pembamba aghalabu si kwenye injini, ambayo kila mpita njia huisimamia na kuisifu. Mahali hapo ni nyuma, chini ya bodi, gizani, penye ekseli ambayo kwa Kifaransa cha gereji huitwa pont. Ekseli hiyo ina kazi tatu kwa wakati mmoja. Hubeba mzigo, huupokea mzunguko wa shafti na kuugeuza uende kwenye magurudumu, tena hubeba breki za nyuma. Ikichaguliwa vibaya, hasara yake haiishii kwenye fedha, maana juu ya mzigo aghalabu hukaa watu.

Ufundi wa kuunda gari moja kwa vipande vya magari mengi haukuanza leo. Huko California, Marekani, vijana walikuwa wakishindana kwa magari ya aina hiyo, yaitwayo hot rod, hata kabla ya Vita Kuu ya Pili, na chama chao cha kupima mwendo, Southern California Timing Association, kilianzishwa mwaka 1937. Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari wengi walirudi makwao wakiwa na ujuzi wa makanika walioupata jeshini, na ufundi huo ukaenea sana. Lakini walikutana na kikwazo. Magari ya Ford yaliyoundwa hadi mwaka 1948 yalikuwa na shafti iliyofungiwa ndani ya bomba, na bomba hilo liliungana na ekseli kama mfupa mmoja. Aliyetaka kutia gia boksi ya kisasa alilazimika kuiondoa ekseli ya zamani na kutafuta nyingine inayopokea shafti ya wazi. Wengi baadaye waliipenda ekseli ya Ford ya inchi 9, iliyotolewa kuanzia mwaka 1957 hadi 1986, kwa sababu ni imara na difu yake huchomolewa kwa mbele, hivyo meno yake huweza kubadilishwa bila ya kuifungua ekseli nzima.

Katika Afrika ya Mashariki, Peugeot 404 huleta kikwazo kama hicho. Gari hilo lilitoka mwaka 1960, likashinda mbio za magari za Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na pikapu zake zilibeba mizigo miaka mingi katika nchi zetu. Nayo pia shafti yake imefungiwa ndani ya bomba, na difu yake ni ya aina ya parafujo, ambayo haifanani na za Kijapani. Injini ya asili ikifa, na mwenye gari akatia injini na gia boksi ya Toyota, ekseli ile ya Kifaransa haina tena mahali pa kuungana. Hapo ndipo safari ya kutafuta nyingine huanza.

Na achukuliwe mfano wa askari mmoja mstaafu wa Rumonge, mwenye bodi nzuri ya pikapu ya 404 na injini ya Toyota aliyoipata kwa akiba yake. Mkewe huuza mawese na dagaa wakavu, naye ndiye mshika fedha wa nyumba. Gari litakwenda Bujumbura, kilomita zipatazo 75 kwa barabara ya kando ya ziwa, likiwa na madumu 30 ya mawese, kila dumu lita 20. Lita moja ya mawese ina uzito wa karibu gramu 900. Basi mzigo huo ni kilo 540, bila ya kuhesabu madumu yenyewe, dereva wala abiria.

Kwa muuza vipuri wanakuta ekseli tatu. Ya kwanza ni ya gari dogo, safi, na bei yake ni ndogo. Ya pili ni ya pikapu ya Toyota Hilux, imechakaa rangi. Ya tatu ni ya lori dogo, nene kama mnazi mchanga.

"Afande, chukua hii ya lori," asema muuzaji. "Hii haivunjiki."

Mstaafu ameshaishika. Mkewe auliza, "Baba watoto, umeipima?"

Swali hilo lina thamani kuliko sifa zote za muuzaji. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini futi ya kupimia haina upande.

Ekseli ile ya gari dogo inaondoka shindanoni mara moja. Magari madogo mengi ya Kijapani huvutwa kwa magurudumu ya mbele, na ekseli yao ya nyuma haina difu kabisa, kwani hufuata tu. Haiwezi kusukuma gari hata ikipakwa dhahabu.

Ekseli ya lori nayo ina makosa matatu. Kwanza ni pana. Upana hupimwa kutoka uso ambao gurudumu hulalia upande mmoja hadi uso wa upande wa pili, kisha hulinganishwa na nafasi iliyomo kati ya mabawa ya bodi. Ikizidi, tairi hutokeza nje na kusaga bawa gari likipakiwa. Pili ni nzito mno kwa gari jepesi. Uzito ulio chini ya springi haupunguziwi mishtuko, na gari likiwa tupu kwenye mashimo, magurudumu hurukaruka na kupoteza mshiko wa barabara. Tatu ni hesabu ya meno.

Hesabu hiyo ni rahisi kiasi kwamba mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya mezani. Ndani ya difu mna gurudumu kubwa la meno, liitwalo krauni, na dogo, liitwalo pinioni. Krauni ikiwa na meno 41 na pinioni 10, shafti huzunguka mara 4.1 ili gurudumu la gari lizunguke mara 1. Asiyeweza kufungua na kuhesabu meno ana njia nyingine: huzuia gurudumu moja lisizunguke, huzungusha jingine mara 2 kamili, na mwenzake huhesabu mizunguko ya shafti. Idadi hiyo ndiyo jibu, kwa difu ya kawaida isiyo na kifungio.

Sasa, gari likienda kilomita 60 kwa saa hupita mita 1,000 kila dakika. Tairi ambalo mzunguko wake ni mita 2 litazunguka mara 500. Katika gia ya moja kwa moja, injini yenye difu ya 4.1 itazunguka mara 2,050 kwa dakika. Kwa difu ya meno 39 kwa 8, ambayo ni 4.875, itazunguka karibu mara 2,440. Kwa ile ya 3.7, mara 1,850. Tofauti hiyo hulipwa kituoni, na Burundi katika miaka ya karibuni imeonja uhaba mkubwa wa petroli. Hata hivyo namba ndogo siyo bora kila siku. Anayepanda kutoka ziwani kwenda Bururi, ambako milima hupita mita 1,800, akiwa na difu ya 3.7 na mzigo, ataichoma klachi yake. Kwa familia ambayo safari zake nyingi ni za kando ya ziwa na chache za milimani, 4.1 ni njia ya kati.

Ekseli ya Hilux ndiyo inayobaki, na difu yake, kama ile ya Ford, huchomolewa kwa mbele. Lakini kabla ya fedha kutoka mkononi, mafuta yake na yamwagwe katika chombo safi. Vumbi laini la chuma ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno yaliyokatika. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yameingiliwa na maji, na jambo hilo si geni katika pwani hiyo, iliyopatwa na mafuriko ya ziwa mwaka 2024. Ekseli yenye moto ikiingia majini hupoa ghafla, hewa ya ndani hujikunja, na maji hunyonywa kupitia tundu la kupumulia na sili zilizochoka. Mwenye busara huliinua tundu hilo kwa mpira mrefu hadi chini ya bodi.

Kufunga kuna adabu yake. Gari na likae juu ya stendi imara, kwani hakuna afaaye kuingia chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Betri itenguliwe na tangi la mafuta liondolewe kabla ya kuchomelea. Ekseli ipimwe pande zote mbili kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, kisha kwa mshazari. Vipimo visipolingana, gari litakwenda upande kama kaa.

Kosa kubwa la mafundi wenye haraka ni kuchomelea vikalio vya springi moja kwa moja. Vikalio hivyo na vishikwe kwanza kwa nukta chache za moto. Kisha gari lishushwe juu ya magurudumu yake, likiwa na uzito wake halisi, ndipo mwinamo wa pinioni upimwe. Mstari wa gia boksi na mstari wa pinioni, ukitazamwa kwa ubavu, yafaa uwe sambamba. Kwa kuwa springi za vyuma bapa hujipinda gari linapovuta na pua ya difu huinuka, pua hiyo huteremshwa digrii 1 hadi 3. Asiyefanya hivyo atasikia mtetemo, na viungo vya shafti vitakufa mapema. Baada ya kuridhika, fundi huchomelea vipande vifupi vifupi akipumzisha chuma, ili bomba la ekseli lisipinde.

Zimebaki breki, nazo ndizo roho ya shughuli yote. Breki za ekseli mpya hazijui breki za mbele za gari la zamani. Za nyuma zikikaza kabla ya za mbele, mkia wa gari hugeuka, na dereva hujikuta akitazama alikotoka. Basi hewa itolewe katika mabomba, breki ya mkono iunganishwe, na gari lijaribiwe mahali patupu, kwa mwendo mdogo, kwanza likiwa tupu na kisha likiwa na mzigo. Magurudumu ya nyuma yakijifunga mapema, gari lirudi gereji, hata kama wateja wa mawese wanangoja. Vilevile boliti za magurudumu na zihesabiwe mbele na nyuma, maana zikitofautiana, tairi moja la akiba halitoshi.

Askari polisi anayelisimamisha gari barabarani huona taa, tairi na karatasi. Ile pinioni na vile vikalio hawezi kuviona. Kazi hiyo imeachiwa dhamiri ya mwenye gari na fundi wake, na familia ina haki ya kuuliza. Mke yule aliyeuliza kama ekseli imepimwa hakuwa akiingilia mambo ya gereji. Alikuwa akilinda akiba ya utumishi wa mumewe na shingo za watoto watakaokaa kando ya madumu.

Baada ya kilomita 100 za kwanza, boliti zenye umbo la U zinazoshika ekseli kwenye springi zikazwe upya, kwa kuwa chuma kipya hulala. Habu zishikwe kwa mkono: iliyo na moto kuliko mwenzake inalalamika juu ya beringi au breki. Mafuta ya difu, yale mazito yaliyotengenezwa kwa ajili yake, yaangaliwe hadi kwenye mdomo wa tundu la kujazia. Hayo yakitimizwa, madumu 30 yapakiwe, na safari ya Bujumbura ianze asubuhi, mchana ukiwa bado mrefu.