Tui la Msamvu na Tui la Kopo

Mchuzi mzito wa tui, wa kumwagia kamba, ngisi au samaki wa kukaanga, hauchukui zaidi ya robo saa tui likishapatikana. Kazi yenyewe hutangulia kabla sufuria haijabandikwa: nazi kuvunjwa, kukunwa, kukamuliwa na kuchujwa. Msamvu kazi hiyo hufanywa na watu wa nyumbani. Kwa Mtanzania anayeishi Reading au Houston, mara nyingi imeshafanywa na kiwanda cha Thailand na kufungiwa kwenye kopo. Mchuzi hubadilika zaidi hapo kuliko unavyobadilishwa na aina ya samaki.

Msamvu si pwani. Ni njia panda ya Morogoro, pale barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapogawanyika, moja ikienda Dodoma na nyingine Iringa, na bahari imebaki nyuma karibu kilomita 200. Kamba na nguru hufika wakiwa kwenye barafu, na nazi nazo hupandishwa kutoka Pwani. Samaki wa karibu ni perege na kambale wa Bwawa la Mindu, lililojengwa kwenye Mto Ngerengere. Milima ya Uluguru huchangia vingine: mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga kutoka upande wa Kinole na Tawa, nyanya na karoti kutoka Mgeta. Kwa hiyo hata mchuzi unaoitwa wa nyumbani umesafiri kabla ya kufika sufuriani, na anayeupika kwa tui la kopo ughaibuni hana sababu ya kuona haya. Anachopaswa kujua ni kwamba tui hilo lina tabia zake.

Nazi iliyokunwa kwa mbuzi hukamuliwa kwanza kwa maji machache ya uvuguvugu, likapatikana tui zito. Machicha yakiongezwa maji na kukamuliwa tena, hutoka tui jepesi. Mpishi anakuwa na matui mawili yenye kazi tofauti. Kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi na manjano kidogo vikishakaangwa na nyanya zikarojeka, tui jepesi hutangulia na kuchemka nazo. Tui zito huingia mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa, na upawa hautoki sufuriani: tui hutekwa na kumiminwa, hutekwa na kumiminwa, mpaka lianze kutokota pembeni. Likiachwa lichemke peke yake, linakatika. Mafuta hupanda juu na chini hubaki maji yenye chembechembe nyeupe, kwa sababu protini za nazi, ambazo ndizo huzuia matone ya mafuta yasiungane, huanza kuganda joto linapokaribia nyuzi 80 za Selsiasi. Ndimu nayo huharakisha kuganda huko, ndiyo maana hukamuliwa sufuria ikishaipuliwa.

Tui la kopo ni moja tu, na uzito wake umeamuliwa na mtu mwingine. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka tui la kawaida liwe na mafuta yasiyopungua asilimia 10, tui zito asilimia 20, na lile jepesi asilimia 5. Anayesoma lebo kabla ya kulipa hujiepusha na mchuzi wa majimaji. Makopo mengi huongezwa gundi ya guari au kiungo kingine cha kushikilia mafuta. Tui la namna hiyo huvumilia moto mkali kuliko la mbuzi, lakini hubaki laini kwa namna isiyobadilika, hata mchuzi ukakosa ile ngozi nyembamba ya mafuta ambayo mlaji wa Morogoro huitafuta kwa macho kabla ya kuonja. Kopo lisilo na gundi ni bora zaidi. Likiwekwa bila kutikiswa, sehemu nzito hujitenga juu. Hiyo hutolewa kwa kijiko na kuwekwa kando, na maji ya chini huongezwa maji mengine kidogo yakafanya kazi ya tui jepesi. Hapo mpishi amerudishiwa uamuzi wake.

Kwa haraka ya jioni, kopo la mililita 400 linatosha nusu kilo ya kamba. Kamba wa barafu huyeyushwa na kukaushwa vizuri kwa kitambaa, maana maji wanayotoa ndiyo huharibu mchuzi mara nyingi. Hukaangwa kwa dakika mbili hivi mpaka wageuke rangi, kisha hutolewa. Viungo huiva katika mafuta hayohayo, tui huingia, mchuzi hupungua mpaka uushike upawa, na kamba hurudishwa kwa dakika moja tu. Wakikaa zaidi hukakamaa. Perege wa Mindu hana haja ya kurudishwa: hukaangwa akauke, mchuzi ukamwagwa juu yake mezani.

Njia ya mkato ya Uingereza ni krimu ya maziwa. Ile nzito kabisa ina mafuta karibu asilimia 48 na haikatiki upesi hata ikichemka. Inamfaa samaki wa salmoni, mwenye mafuta na ladha nzito. Kwa kamba, krimu hufunika utamu wao, ilhali tui huuongeza. Huo ni mchuzi mwingine, na haufai kuhesabiwa kama tui lililokosekana.

Kopo humwachia muda mtu anayetoka zamu usiku na kupika peke yake. Kinachopotea ni mikono. Msamvu mmoja hukuna, mwingine husimamia jiko la mkaa, na mtoto anayetumwa kuleta giligilani hujifunza bila kufundishwa ni wakati gani tui linataka kukatika. Mtoto aliyezaliwa ughaibuni anaweza kula mchuzi huo miaka yote asijue hayo, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ya ladha. Kwa walio Oman kuna nafuu: nguru wabichi wanauzwa Mutrah, Muscat, minazi inaota Salalah, na familia nyingi zenye asili ya Zanzibar bado zinapika samaki wa nazi kwa Kiswahili.

Morogoro nako mambo hayajasimama. Kuna wanaokata nazi vipande na kuisaga kwa blenda na maji ya uvuguvugu kabla ya kuichuja, na tui linapatikana ndani ya dakika tano. Tui bichi huchacha upesi, hivyo hukamuliwa la mlo mmoja. Tui la kopo lililobaki huhamishiwa kwenye chombo chenye mfuniko, hutumiwa ndani ya siku chache, au hugandishwa. Likiyeyuka hutengana, na hukorogwa tena kwenye moto mdogo.