Saratani Isiyofanya Donge



Katika familia zetu hapa Maskati, aliyesoma ndiye anayekabidhiwa kila karatasi ya lugha ya kigeni. Ndivyo nilivyokabidhiwa majibu ya maabara ya mama yangu mdogo, ambaye hazungumzi ila Kiswahili. Swali lake lilikuwa moja: “Mwanangu, mbona sikuona donge lolote?”

Majibu yenyewe yalieleza. Saratani yake ni ya lobula, yaani imeanza katika vijitezi vinavyotengeneza maziwa, si katika mifereji yanamopita. Kati ya kila wagonjwa 100 wa saratani ya matiti iliyopenya, 10 hadi 15 huwa na aina hii. Chembe zake aghalabu hukosa protini iitwayo E-kadherini, ambayo ndiyo huzishikamanisha. Kwa hiyo mara nyingi hazikusanyiki pamoja, bali hupenya titi zikifuatana mstari mmoja, kama shanga zilizotungwa uzini. Huenda mwenyewe akahisi ugumu tu, au akaona ngozi imevutika au chuchu imeingia ndani. Na hata picha ya eksirei huenda isioneshe kitu.

Mistari ya mwisho ilitaja vipokezi: istrojeni, vipo, projesteroni, vipo, HER2, hakuna ziada. Nilimweleza kuwa kipokezi ni mfano wa kitasa, na homoni ni ufunguo wake. Saratani ya lobula kwa kawaida huwa na vitasa vya istrojeni. Ndiyo maana, pamoja na upasuaji, wagonjwa wengi hupewa vidonge vya kuziba vitasa hivyo, kama tamoksifeni, au vya kupunguza homoni yenyewe, kwa miaka 5 au zaidi. Aliposikia hivyo, mama alishusha pumzi. Ugonjwa wake sasa ulikuwa na maelezo, na dawa yake ilikuwa na sababu.

Marehemu wetu wengi waliondoka bila ya ugonjwa wao kutajwa jina. Bibi Yuthar al-Rawahi, aliyeugua saratani yeye mwenyewe, aliivunja haya hiyo alipoasisi Jumuiya ya Saratani ya Oman mwaka 2000.

Basi, akina mama, msingoje donge. Titi likibadilika, nendeni kwa daktari. Picha ikiwa safi na badiliko lingalipo, ulizeni kipimo kingine. Na majibu yakitoka, takeni msomewe habari za vipokezi kwa lugha mnayoielewa.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya.