Mtoto anayeitwa "Kamba"

Sisi walimu tunasikia majina mengi uwanjani wakati wa mapumziko. Mengi ni ya kuchekesha tu, yanapita. Mwaka huu kuna moja halikupita.

Ni la msichana wa kalasi ya nne. Wenzake wanamwita Kamba, kwa sababu mama yake ni mbeba mizigo. Munawajua wamama hao wa Bukavu: boti za Idjwi na Kalehe zikifika bandarini, wanapokea magunia ya makala na mihogo, kamba inapita kwenye paji la uso, wanapanda mlima mpaka soko la Kadutu. Kamba hiyo ndiyo iliyonunua shati jeupe na sketi ya buluu ya mtoto. Malipo ya masomo ya msingi katika shule za serikali yaliondolewa 2019, lakini viatu na daftari hakuna anayevitoa bure.

Mtoto hakulalamika. Tuliona tu kwamba kengele ikilia anabaki nyuma mpaka barabara iishe watu. Mama naye aliacha kupita mbele ya masomo. Akiwa na mzigo mgongoni anazunguka njia ya nyuma, yenye matope na ndefu zaidi, ili mtoto wake asionekane naye. Mkutano wa wazazi hakuja. Tulipomtembelea aligusa paji lake, akasema: "Mwalimu, alama hii hata sabuni haiitoi."

Tuliwauliza watoto jina walilitoa wapi. Mmoja akajibu bila woga: nyumbani kwao wakitaka mtu wa kubeba wanapaza sauti, "We kamba, kuja!" Kumbe si wao waliolitunga.

Tunaambiwa ni michezo ya watoto. Hatukubali. Mtoto akichekwa kwa masikio yake makubwa anaumia yeye. Jina hili linampiga mama, na linamfundisha mtoto kumwonea haya anayemlisha.

Katika kalasi tumelikataza, na anayelisema tunamwita mzazi wake. Lakini njia ya kurudi nyumbani ni ndefu, na huko hatupo. Ndiyo maana tunawaomba: jioni musiulize tu, "Wamekuita nini?" Muulize pia, "Wewe unawaita wenzako nani?"

Yule mama tumemwalika tena kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi. Bado hajatujibu.