Kitabu Nilichompa Wifi

Nilimpa wifi yangu kitabu kwa sababu niliogopa kukaa naye. Wakati ule nilijiona nina busara.

Mimba yake ya tatu ilikuwa imeharibika. Pale Kigera maneno ya wakwe yalikwisha kuanza, na kila aliyekuja kumpa pole alimwachia jina la mganga. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nikaona dawa yangu ndiyo dawa: riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mzee huyo wa Ukerewe, wa ziwa letu hilihili, aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Humo Bugonoka anasimangwa utasa na ndugu wa mume mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua, na Myombekere anatozwa pombe ya ndizi ndipo arudishiwe mkewe. Nikasema, wifi atajiona humu, moyo utapoa.

Nilimkabidhi kikiwa kimefungwa gazeti, nikaaga. Wiki tatu sikukanyaga kwake. Eti namwacha asome! Sikuwa na la kusema mbele ya macho yale, basi.

Nilipokwenda nilimkuta ufukweni anageuza dagaa, akibandua kwa kucha wale waliogandia wavuni. Hakuinua kichwa.

"Wifi, kitabu chako nimemaliza. Mwenzangu kazaa. Wawili."

Akaendelea kubandua.

Miaka yote nimeifundisha riwaya ile, na sikuwahi kuwaza kwamba kuzaliwa kwa Ntulanalwo na Bulihwali, ambako mimi nakuita mwisho mwema, kwa mwanamke kama yeye ni simango jingine, tena la kupigwa chapa. Jambo ambalo pengine lingemgusa sikumwambia: Kitereza na mkewe walizika watoto wao. Watoto wa kwenye kitabu waliandikwa na mtu aliyefiwa na wa kwake.

Hata hilo nilitaka kumwambia palepale. Midomo ilikwisha kufunguka. Ualimu ni ugonjwa. Nikajizuia, nikavua viatu, nikachuchumaa upande wa pili wa wavu, nikaanza kugeuza. Jua lilikuwa kali, nzi hawasemeki.

Tulifika kama nusu ya wavu ndipo akasema, "Wa kwanza Januari hii angeanza shule."

Nikaacha kugeuza.

"Ningemleta kwako," akasema.